Kifua cha Bibi na Kifua cha Baba

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi, nje ya chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, nakuomba kwanza unywe maji. Najua hujanywa tangu asubuhi. Mimi pia sikuwa nakunywa. Niliogopa kwenda chooni halafu muuguzi atoke, aite jina langu, anikose.

Binti yangu sasa anatembea. Ana meno sita na hasira nyingi, na akinyimwa kitu anajitupa chini mbele ya wateja wangu bila haya. Zamani nisingeweza kuandika habari hizi. Hata leo bado naamka nikamwekee kiganja kifuani, nihakikishe kinapanda na kushuka.

Mimi ni fundi wa kushona, nakaa Mudzipela, hapa Bunia. Ile ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Mwezi wa saba wa mimba miguu ilivimba nikawa navaa kandambili za mume wangu, tukicheka wote wawili. Halafu kichwa kikaanza kuuma. Siku moja nilikuwa nakata kitenge cha mteja nikaona mikasi miwili mkononi mwangu, na nilikuwa nimeshika mmoja. Kasereka, mume wangu, alifunga duka lake la misumari na mabati, akanipandisha pikipiki mpaka hospitali. Walinipima presha mara tatu. Niliwauliza kama ni mbaya, hakuna aliyenijibu, na hapo ndipo woga uliponiingia. Wakanipasua siku ile ile.

Mtoto nilimwona kwa muda wa kufumba macho na kufumbua. Mtu mmoja alisema kwa Kifaransa, "Mille deux cents," yaani gramu elfu moja na mia mbili. Kazi yangu ni kupima watu kwa macho, na macho yangu yalinionyesha mkono usiozidi urefu wa kidole changu. Ngozi ilikuwa nyembamba, mishipa yote inaonekana. Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa sauti ya kifaranga, wakaondoka naye.

Siku ya tatu nilishikwa na homa. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa usaha upande mmoja. Hapa Bunia mtu mwenye homa anaangaliwa mara mbili, kwa sababu tumepitia magonjwa ambayo sitaki kuyataja. Kwenye mlango wa chumba cha watoto kuna kipimo cha joto, na kipimo kile kilinikatalia. Mama mwenye homa haingii, hata kama ni mtoto wake, hata akilia. Niliruhusiwa kitu kimoja tu: nikiweza kuinuka, nikae kwenye benchi la nje, nimtazame kupitia kioo cha dirisha. Nilijiburuta mpaka pale nikiwa nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili.

Mkubwa wa chumba kile alikuwa muuguzi mmoja mfupi, Mama Clémence, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitoka akatusimamisha mbele ya dirisha, mimi, mume wangu na mama yangu mzazi, akatueleza mambo bila kuyapaka sukari. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Wauguzi walikuwa wawili, na siku nyingine mmoja. Masanduku ya kuwatia watoto joto yalikuwa mawili, moja limeharibika, na la pili lilikuwa na watoto watatu ndani yake.

"Na tena ile sanduku inaomba courant," alisema, yaani umeme. "Courant inakuya, inaenda. Kifua ya mutu haiendi pahali. Mutoto huyu atakaa ku kifua, ngozi na ngozi, muchana na usiku. Mama yake iko na homa. Sasa ni nani atamubeba?"

Mama yangu alisema, "Ni miye." Mume wangu alikuwa ametazama chini. Akasema, "Na miye usiku."

Hapa lazima nikueleze kitu, la sivyo hutaelewa kilichotupata. Sisi ni watu wa milimani, upande wa Kpandroma, huko Djugu. Mama yangu alishuka Bunia kwa miguu, na sufuria moja kichwani, wakati kijiji chetu kilipochomwa. Alipoteza vitu vingi njiani lakini heshima ya bokilo hakuipoteza. Bokilo ni mkwe. Kwetu, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Kasereka ni mtu wa Butembo, na kwao pia bokilo anaheshimiwa sana, kwa hiyo hakuona shida. Miaka miwili ya ndoa yetu, mama yangu akija nyumbani, mume wangu anatokea mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba nimepata mwanaume aliyelelewa.

Basi wakaanza. Mama alikuwa anaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anavua nguo ya juu, stajieri mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, anamlaza mtoto katikati ya matiti yake, uchi, na kofia na nepi tu, halafu anamfunga kwa pagne, yaani kitenge, na fundo linakaa mgongoni. Jioni Kasereka anachukua mahali pake. Mimi kazi yangu ilikuwa kukamua maziwa kwa mkono ndani ya kikombe. Siku za kwanza yalikuwa matone, nikayatazama nikaona aibu, kama mteja amelipia gauni nikampa kitambaa cha pua. Mama alikibeba kikombe kile chini ya pagne yake ili mtu mwenye jicho baya asikione. Ndani wakayapitisha maziwa kwa mrija mwembamba ulioingia puani.

Woga una lugha yake, na pale lugha yake ilikuwa namba za Kifaransa. Kila baada ya saa chache walimpima joto na muuguzi anaitamka namba kwa sauti ili mwenzake aandike. "Trente-six huit", yaani thelathini na sita nukta nane, ilikuwa nzuri, napumua. "Trente-six" tupu, nashika ukingo wa dirisha. Siku ya tano ya mtoto nilisikia "trente-cinq trois", thelathini na tano nukta tatu, na nikaona Mama Clémence akikimbia. Mtoto alikuwa amebadilika rangi, midomo kama wino. Alimpigapiga unyayo kwa kidole, mara moja, mara mbili, mpaka kifua kikaruka. Watoto wa umri ule husahau kupumua, ndivyo alivyoniambia baadaye, na baridi huwasahaulisha zaidi. Nilibaki nimebana kinywa kwenye kioo, pumzi yangu ikakitia ukungu, nikashindwa kuona kama amepona.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Joto lilikuwa linashuka mara mbili kwa siku, baada ya saa kumi na mbili asubuhi na tena jioni. Mama Clémence alikaa na karatasi yake ya namba akiifuata kwa kalamu, akitikisa kichwa. Walidhani ni uambukizo. Wakamnyoa nywele upande mmoja wa kichwa ili wapate mshipa, wakamchoma mara nne kabla ya kuupata. Nilizihesabu zote. Uzito ukarudi nyuma, mille cent, halafu mille soixante, yaani elfu moja na sitini.

Nyumba yetu nayo ikaanza kupasuka. Kasereka alikuja dirishani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaninong'oneza, "Mado, mama amezeeka. Labda damu yake haina moto tena." Alipoondoka, mama akaja upande mwingine. "Kifua ya mwanaume ni mifupa tupu," alisema. "Mutoto analala juu ya mbao. Juu ya nini hamuite shangazi ya mutoto amubebe?" Kila mmoja aliniletea mimi maneno yake, kwa sababu wao kwa wao hawakuweza kuongea. Mimi nilikuwa na homa, kidonda kinanuka, na maneno ya wote wawili yananilalia tumboni.

Wiki ile mwanamke mmoja kutoka Komanda, aliyekuwa anakaa nami kwenye benchi, aliitwa ndani na akatoka bila mtoto. Alirudi kukaa pale pale. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa. Alikaa hivyo mpaka ndugu zake walipokuja, na mimi nikamshika kidole kimoja. Nafikiri hata leo angeniambia kwamba kidole kile kilitosha, lakini wakati ule nilikuwa nasema moyoni, si mimi, Mungu, si mimi. Naona aibu kwa sala ile. Naiandika kwa sababu hata wewe utaisali.

Siku ya kumi na mbili homa iliniacha. Bado hawakuniruhusu, walitaka siku tano bila homa, lakini nilikuwa na nguvu za kukaa dirishani muda mrefu. Jioni ile Mama Clémence alitoka kupata hewa, akakaa karibu yangu. Ndani, mama yangu alikuwa anamaliza zamu. Nilitaka kumwonyesha muuguzi kwamba sisi, pamoja na umaskini wetu, ni watu wa adabu.

"Mama Clémence, angalia," nilimwambia. "Tazama vile mume wangu na mama wanaheshimiana."

Akatazama. Stajieri alimfungua mama, akamchukua mtoto, akamlaza kwenye kitanda kidogo chenye shuka la mpira juu yake, akaitwa na muuguzi mwingine akaenda. Mama akavaa blauzi polepole, kifungo kwa kifungo. Akafunga kitambaa cha kichwa. Akaokota kikapu chake. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Kasereka alikuwa kwenye mlango wa mbele, amegeuza uso ukutani. Aliposikia mlango wa nyuma umefungwa alihesabu kidogo, kwa adabu, ili mama awe amefika mbali, ndipo akaingia, akanawa mikono, akavua shati, akalikunja, akasubiri stajieri arudi amfunge. Muda wote ule mtoto wangu alikuwa kwenye mpira, na kofia na nepi, na dirisha la juu lilikuwa wazi.

Mama Clémence alisimama kabla sijamaliza kutabasamu.

"Inakuwaka hivi kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Na weye ulikuwa unaona?"

Nilikuwa naona. Siku nilizoweza kufika dirishani nilikuwa naona kwa macho yangu mawili, na moyo wangu ulikuwa unafurahi. Nilikuwa nasema, hata katika shida hii mume wangu hajasahau heshima. Muuguzi hakunitukana. Aliingia ndani akapima joto mwenyewe, akaitamka namba kwa sauti ya chini. Trente-cinq un, thelathini na tano nukta moja. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakitazama.

Wauguzi hawakuona kwa sababu, saa za kupokezana, wao pia wanapokezana. Wanasimama mezani wakisomeana karatasi. Na mama na Kasereka hawakuwa na siri yoyote. Kama mtu angewauliza wangesema. Lakini ungeanzaje kuuliza jambo ambalo hujui kama lipo?

Mama Clémence aliwaita kila mmoja peke yake. Aliwaambia mtoto atoke kifua aingie kifua, asiguse kitanda. Mama yangu alikaa chini palepale kwenye saruji.

"Nivue mbele ya bokilo?" alisema. "Mama, unanitakia laana. Na mutoto pia utamutakia."

"Mutoto anakufa na baridi, mama."

"Basi nikufe miye."

Kasereka alipoambiwa alitoka ndani. Alienda kusimama nje kati ya pikipiki za watu, akishika ufunguo wake, na niliogopa kwamba atawasha aende. Hakuwasha. Alirudi akasema, "Mutafute tu namna ya kutuficha."

Namna ilikuwa pagne. Asubuhi iliyofuata Mama Clémence na stajieri waliishika pagne yangu ya njano juu juu, mmoja huku mmoja kule, ikawa ukuta. Mama upande mmoja, mume wangu upande mwingine, kila mmoja kifua wazi, kila mmoja ametazama dari. Mtoto akapitishwa chini ya pindo. Haikuchukua hata muda wa kusema Baba Yetu. Saa moja baadaye nilisikia "trente-six sept", thelathini na sita nukta saba, na nikalia kwa sauti mpaka watu wa kliniki ya jirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Siku tatu mambo yalienda hivyo. Uzito ukasimama, halafu ukapanda gramu kumi. Nilianza kula.

Siku ya nne mvua kubwa ilipiga tangu alfajiri, ile mvua ya mwezi wa kumi inayogonga mabati mpaka huwezi kusikia jirani yako. Umeme ulikatika. Stajieri alikuwa amekwama barabarani kwenye matope. Mama Clémence alikuwa peke yake, akimpa hewa kwa mpira wa mkono mtoto mwingine aliyekuwa anazimika. Mama alikuwa amelala hospitali usiku ule na alikuwa amemchukua mtoto mapema, watu wa zamu ya usiku wakishika pagne, kwa hiyo Kasereka alikuwa barazani, karibu na mlango. Mimi nilikuwa dirishani, nimejifunika nailoni.

Nilimwona mama akiinama, akitazama ndani ya pagne. Akatazama tena. Halafu akaanza kupigapiga mgongo wa mtoto juu ya kitambaa, na uso wake ukabadilika. Alitaka kufika kwenye miguu, lakini miguu ilikuwa imefungwa ndani, na fundo lilikuwa mgongoni kwake, limelowa jasho, vidole vyake havifiki. Aligeuka huku na huku akilivuta lile fundo kama mtu aliyeingiwa na siafu. Aliita. Mvua ilikula sauti yake.

Mama Clémence aliona. Hakuweza kuacha mpira, yule mtoto mwingine angekufa mkononi mwake. Alipaza sauti ambayo hata mimi niliisikia kupitia kioo:

"Papa! Ingia! Fungua! Piga mu unyayo!"

Kasereka aliingia. Hakukuwa na mtu wa kushika pagne. Alisimama hatua moja kutoka kwa mama yangu, na mama yangu alikuwa matiti wazi, mwanamke wa miaka sitini aliyetembea kutoka Kpandroma bila mwanaume yeyote kumwona bega. Nilikuwa nagonga kioo kwa ngumi. Sijui nilikuwa nasema nini.

Mama alimgeuzia mgongo. Nilidhani anamkataa. Kumbe alikuwa anampa fundo. "Fungua, baba," alisema, na niliisoma midomo yake. Mume wangu aling'ata fundo kwa meno, likaachia. Mama akageuka, akamshikilia mtoto kifuani kwa mikono miwili, Kasereka akapiga magoti, akaushika mguu ule mdogo uliokuwa umelalia tumbo la mama mkwe wake, akapiga unyayo kwa kidole. Hakuna. Akapiga tena. Mama yangu alikuwa anamtazama usoni, naye alikuwa anamtazama mama, wameshikana kwa macho kama watu wanaovuka mto. Mara ya tano, au ya sita, mguu ulivutika. Binti yangu akatoa ile sauti yake ya kifaranga.

Hawakusogea. Kasereka alivua shati lake akamfunika mama mabegani, mtoto akiwa ndani, akabaki amepiga magoti pale chini mpaka mvua ilipopungua.

Kesho yake niliruhusiwa kuingia. Walimweka kifuani pangu na nikaogopa kupumua nisije nikamsukuma. Tulikaa wiki tano zaidi. Mrija ulitolewa, akajifunza kunyonya, akasahau kupumua mara mbili tena, halafu akaacha kusahau. Tulitoka hospitali akiwa na gramu elfu moja mia tisa. Watu wa mume wangu walimwita Masika, ndilo jina lao la binti wa kwanza.

Nikuambie basi wewe wa kwenye benchi. Wauguzi wale wanajua kazi yao, lakini hawajui nyumba yako. Hawajui nani kwenu hapaswi kumtazama nani, nani hawezi kushika mtoto kabla ya kufanya kitu fulani, bibi yupi anampaka nini kitovuni. Sema siku ya kwanza. Sema hata kama unaona ni jambo la kawaida, na hasa kama unaona ni la kawaida.

Mama yangu anakaa kwa dada yangu mdogo sasa. Kasereka alimpelekea kuku na pagne mpya, kama inavyotakiwa kwetu mtu akiwa amemvunjia bokilo heshima, na mama alivipokea. Lakini nyumbani kwetu haji. Kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu ya ile siku ya mvua, kwamba anaona haya mbele ya mume wangu. Mwezi uliopita nilimpelekea Masika, nikamwambia, mama, Kasereka amesahau, njoo tu.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kasereka sina haya naye," alisema. "Aliokoa mutoto mu mikono yangu. Miye niko na haya juu ya zile siku za nyuma. Nilikuwa nafunga kifungo, mutoto iko ku baridi, nafunga kifungo ingine. Nilikuwa naona nafanya muzuri."

Nikasema mama, hukujua, hakuna aliyejua.

"Weye ulikuwa mugonjwa," aliniambia. "Haukuona kitu. Kama ungeona, ungesema."

Masika alikuwa ananivuta sketi akitaka kubebwa. Nilimwinua, nikamweka kifuani, nikajificha uso kwenye nywele zake. "Ndiyo, mama," nilijibu.